Gari Linanuka Waya

Ukipanda gari la zamani usiku, taa zikiwa zimewashwa, mara nyingine utasikia harufu. Si harufu ya petroli. Si harufu ya vumbi wala ya mpira wa gurudumu. Ni harufu kali inayowasha pua, kama mfuko wa plastiki ulioangukia kwenye makaa. Abiria hutazamana. Mmoja husema, "Dereva, kuna kitu kinaungua."

Hiyo ni harufu ya ganda la waya wa umeme. Waya umepata joto kupita kiasi, na plastiki inayoufunika imeanza kuyeyuka. Gari bado halijashika moto. Lakini chini ya boneti mna bomba la petroli, mna mafuta ya injini yaliyogandana na vumbi, na nyuma wamekaa watu.

Katika somo hili tutajifunza kwa nini waya hupata joto, jinsi ya kutafuta mahali palipoharibika, na jinsi ya kupatengeneza. Si lazima uwe fundi. Kazi kubwa hufanywa kwa macho, pua, mkono na balbu moja ndogo. Na hata kama huna gari, unapanda magari ya wenzako. Mtu anayeijua harufu hii anaweza kumwambia dereva asimame mapema.

Tutachukua mfano wa gari linalojulikana sana vijijini: Land Rover Series III. Gari hili lilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi mwaka 1985. Kwa hiyo hata lile la mwisho limekwisha pita miaka 40. Bado yapo yanayobeba mahindi, maji na wagonjwa katika njia ambazo gari jipya hukataa. Injini yake huenda ilibadilishwa mara mbili au tatu. Nyaya zake mara nyingi ni zilezile za zamani, pamoja na viraka vya kila fundi aliyepita.

Umeme huenda na kurudi

Umeme wa gari hutoka katika betri. Betri ina vichwa viwili vya risasi. Kimoja kina alama ya kujumlisha (+), nacho huitwa chanya. Kingine kina alama ya kutoa (–), nacho huitwa hasi. Umeme hutoka katika betri, hupita katika waya, hupita katika swichi, hufika kwenye taa. Hapo haujamaliza safari. Ni lazima urudi kwenye betri. Usiporudi, taa haiwaki.

Nyumbani, umeme hurudi kwa waya wa pili. Katika gari umeme hurudi kwa njia ya bodi na chesisi. Bati lenyewe la gari ndiyo njia ya kurudia. Mafundi huiita ethi. Kumbuka neno hili, maana matatizo mengi ya gari kuukuu yako katika ethi, na watu wengi hutafuta kwingine.

Sasa, kwa nini waya hupata joto? Fikiria ng'ombe wanaorudi zizini jioni. Mlango ukiwa mpana, wanaingia bila taabu. Mlango ukiwa mwembamba, wanasukumana na kusuguana. Vivyo hivyo wakiwa wengi mno kuliko mlango, hata kama mlango ni mzuri. Umeme nao ukibanwa husugua njia yake, na msuguano huo hutokea kama joto.

Kwa hiyo waya hupata joto kwa sababu tatu. Huenda njia imekuwa nyembamba mahali fulani: kiungio kimelegea, kimeliwa na kutu, au nyuzi za waya zimekatika zikabaki chache. Huenda umeme unaopita ni mwingi kuliko waya ulivyopangiwa. Au waya umechubuka na shaba yake imegusa bati la gari, umeme ukarudi kwenye betri bila kufanya kazi yoyote. Hiyo ya mwisho ndiyo shoti.

Shoti ndiyo mbaya kuliko zote. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa ghafla. Waya mwembamba ukipitisha umeme wote huo, huwa mwekundu kama msumari ulioko katika tanuri la mhunzi. Hayo hutokea kwa sekunde chache tu.

Hesabu kidogo

Umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea. Nguvu inayosukuma umeme hupimwa kwa volti. Betri ya gari letu ni ya volti 12. Kazi ya taa hupimwa kwa wati, na wati zimeandikwa juu ya balbu yenyewe. Ukitaka kujua ampea, gawanya wati kwa volti.

Gari lina taa mbili kubwa za wati 60. Jumla ni wati 120. Gawanya kwa 12. Unapata ampea 10. Waya wa taa na swichi yake vinaweza kubeba hizo.

Sasa dereva amenunua balbu za wati 100 ili aone mbali. Jumla ni wati 200. Gawanya kwa 12. Unapata karibu ampea 17. Waya ni uleule, swichi ni ileile. Tena joto haliongezeki kwa kiasi kile kile cha ampea. Ampea zikiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Zikitoka 10 kufika 17, joto huwa karibu mara tatu. Ndiyo maana gari lililokwenda miaka 30 bila kunuka huanza kunuka wiki ile ile lilipofungwa balbu kubwa.

Tufanye hesabu ya pili, ya kiungio kibovu. Tuseme ampea 10 zinapita katika kiungio kilicholiwa na kutu, na hapo zinapotea volti 2. Zidisha 2 kwa 10. Wati 20 zinageuka joto mahali hapo. Je, wati 20 ni nyingi? Balbu ya indiketa ni wati 21. Jaribu kuishika ikiwa imewaka kwa muda. Huwezi. Sasa joto kama hilo liko ndani ya kiungio kidogo kuliko ncha ya kidole, kimefunikwa kwa mpira, nyuma ya dashibodi, na hakuna anayekiona. Na zile volti 2 hazikufika kwenye taa, kwa hiyo taa inafifia. Taa hafifu na waya wa moto ni ndugu. Ukiona moja, mtafute mwenzake.

Fyuzi ni mlinzi

Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba ndani ya bomba la kioo au ndani ya plastiki. Imewekwa makusudi iwe dhaifu kuliko waya wote unaofuata. Umeme ukizidi, fyuzi hukatika kwanza, na waya hupona. Fyuzi iliyokatika haijaharibika. Imefanya kazi yake.

Watu wengine hukasirishwa na fyuzi inayokatika kila siku. Huifunga kwa karatasi ya bati ya pakiti ya sigara, au hupachika kipande cha waya au msumari. Honi inalia, na dereva anafurahi. Lakini amemfukuza mlinzi, akamwacha mwizi ndani. Tangu siku hiyo kitakachokatika kwanza ni waya wenyewe, na waya haukatiki bila kuunguza majirani zake waliofungwa pamoja nao.

Liko jambo jingine ambalo hata mafundi wengine hawalijui. Fyuzi za kioo za Kiingereza, kama zile za Land Rover, zikiandikwa 35 maana yake ni kwamba zitakatika umeme ukifika ampea 35. Kubeba siku zote, hubeba 17 tu. Fyuzi za siku hizi za plastiki zenye miguu miwili zina hesabu nyingine: ile namba iliyoandikwa ndiyo ampea inazobeba siku zote. Kwa hiyo ukiondoa ya kioo yenye namba 35, usiweke ya plastiki yenye namba 35. Weka ya 15, au isizidi 20.

Tena ujue kwamba Land Rover hii ina fyuzi chache. Waya mnene wa kahawia unaotoka upande wa betri kwenda kwenye swichi hauna fyuzi. Taa kubwa za mbele nazo hazina fyuzi. Zikipata shoti, hakuna cha kukatika. Waliolitengeneza waliogopa taa zisije zikazimika zote mara moja gari likiwa kasini usiku. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini waya mpya wa mwaka 1975 si waya wa leo, uliokauka na kupasuka kama ganda la mti.

Usiku wa kupeleka mgonjwa

Tuone jinsi mambo haya yanavyotokea. Kijiji kimoja kilikuwa na Land Rover ya namna hii. Taa zake zilikuwa hafifu, kwa hiyo dereva alifunga balbu za wati 100. Kwa wiki moja aliona vizuri. Kisha usiku mmoja waliambiwa kuna mama ameshikwa na uchungu, na hospitali iko mbali. Walipokuwa njiani taa zilianza kufifia na kupata nguvu, kufifia na kupata nguvu. Kisha ikaja harufu. Moshi mwembamba ukatoka chini ya usukani.

Dereva yule alifanya vizuri. Hakusema, "Tukaze mwendo, karibu tutafika." Alisimama pembeni, akazima taa, akazima injini. Moshi ukapungua. Hilo lilimwambia kitu muhimu. Moshi ukikoma baada ya kuzima swichi, ubaya uko mbele ya swichi hiyo au katika swichi yenyewe. Moshi ukiendelea ingawa umezima kila kitu na kutoa ufunguo, ubaya uko katika nyaya zile za kahawia ambazo umeme haukatiki ndani yake usiku na mchana. Hapo ni kukimbilia betri mara moja.

Hata hivyo aliifungua betri. Alianza upande wa hasi, ule ambao waya wake unakwenda kwenye bodi. Kwa nini hasi kwanza? Kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umefanya shoti kwa mkono wako mwenyewe, na cheche karibu na betri zinaweza kuilipua. Volti 12 hazitakupiga kama umeme wa nyumbani. Lakini pete au saa ya chuma ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, hugeuka kuwa moto kidoleni. Vua kabla ya kuanza.

Spana inayofaa nati za betri isikae katika sanduku chini ya magunia. Ifungwe kwa kamba karibu na betri yenyewe. Betri ya Land Rover nyingi iko mbele chini ya boneti, na katika nyingine iko chini ya kiti. Kila anayeendesha gari la kijiji aijue ilipo.

Kama moto ungekuwa umewaka, watu wote wangeshuka kwanza, na mgonjwa angebebwa. Kisha wangetumia kizima moto cha unga, au mchanga mkavu. Maji hayafai, kwa maana petroli huelea juu ya maji na moto husafiri nayo. Na boneti haifunguliwi yote kwa ghafla, kwa sababu hewa ikiingia moto hupanda usoni. Inainuliwa kidogo tu, na unga unapulizwa kwa chini.

Lakini huu ulikuwa moshi tu, na mama alikuwa anaumwa. Dereva alingoja mpaka nyaya zikapoa. Akatazama chini ya usukani kwa tochi. Waya mmoja wa buluu ulikuwa umelainika karibu na swichi, lakini shaba yake ilikuwa bado imefunikwa. Akachomoa kabisa plagi ya taa ya kushoto. Akabakiza ya kulia, ile iliyo upande wa magari yanayokuja, ili mwenzake njiani ajue ukubwa wa gari unaishia wapi. Taa moja ina nusu ya ampea, na joto lake ni robo. Akafunga betri, akawasha, akatia mkono karibu na waya kuona kama unapata moto. Haukupata. Waliendelea polepole, mkunga akiwa amekaa mbele na kazi yake ni kunusa. Walifika.

Kama shaba ingekuwa wazi, au kama moshi ungeendelea taa zikiwa zimezimwa, gari hilo lisingefaa kuwashwa tena. Ingebidi mtu apige simu au atumwe kutafuta gari jingine.

Kwa fundi

Kesho yake dereva alikwenda kwa fundi mzee wa pale mjini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lina nini leo?"

"Linanuka waya, mzee. Nakuomba unibadilishie huu waya wa buluu na kuniwekea swichi mpya."

"Hayo tutafanya. Lakini kwanza niambie, kabla ya kuweka balbu hizi kubwa, taa zilikuwaje?"

"Zilikuwa hafifu, mzee. Ndiyo sababu ya kuziweka."

"Basi ugonjwa ulikuwapo kabla ya balbu. Wewe ulimpa mgonjwa mzigo mkubwa zaidi abebe."

Fundi alimfundisha namna ya kutafuta kwa mkono. Aliwasha taa kubwa peke yake, mengine yote yamezimwa. Akangoja dakika tano. Kisha akafuata waya kutoka swichi mpaka kwenye taa, akigusa kwa nyuma ya vidole, maana nyuma ya vidole ni rahisi kuuondoa mkono upesi ukikutana na moto.

Hapa ndipo penye siri ya kazi yote. Waya ukiwa na joto mahali pamoja tu, na kwingine ni baridi, ubaya ni kiungio kilicho mahali hapo. Waya ukiwa na joto tangu mwanzo mpaka mwisho, ubaya ni mzigo: umeme ni mwingi au waya ni mwembamba. Gari la dereva yule lilikuwa na yote mawili. Waya wa buluu ulikuwa wa vuguvugu wote, na kwenye viungio viwili ulikuwa wa moto.

Viungio vya zamani vya Land Rover ni vichwa vidogo vya bati, kama risasi ya bunduki, vinavyosukumwa ndani ya kikopo chenye mpira mweusi. Vumbi na maji huingia humo. Fundi alivichomoa. Vilikuwa na rangi ya kijani, na mpira ulikuwa umenata kama ulimbo. Alikata waya nyuma ya kila kichwa. Shaba ilikuwa nyeusi, akakata tena kidogo, na tena, mpaka akafikia shaba inayong'aa. Shaba nyeusi imekwisha pikwa na joto. Haishikani vizuri na kiungio wala na risasi ya kulehemu. Kuziunga nyaya kwa kuzisokota kwa vidole na kuzungushia tepu ni kutengeneza kiungio kibovu kipya. Zibanwe kwa kiungio na koleo lake, au zilehemiwe, kisha zivishwe mrija wa plastiki ule unaojikaza ukipashwa moto. Tepu ya bei nafuu huyeyuka gundi yake karibu na injini, ikateleza, ikaacha waya uchi.

Kisha fundi alikwenda kwenye ethi. Bodi ya Land Rover si ya chuma cha kawaida. Ni ya aluminiamu, na chesisi ndiyo ya chuma. Watu husifu bodi hii kwa kuwa haishiki kutu nyekundu, na ni kweli. Lakini mahali aluminiamu inapokutana na chuma au shaba, na hapo pana maji, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe kama chokaa. Unga huo haupitishi umeme. Waya mweusi wa ethi wa taa umefungwa kwa bolti kwenye bodi hiyo. Ukiutazama juu juu unaonekana umekazwa vizuri. Fundi aliufungua, na chini yake palikuwa peupe tupu. Alisugua kwa msasa mpaka pakang'aa, akasugua na kichwa cha waya, akaweka washa yenye meno, akakaza, ndipo akapaka grisi kwa juu maji yasiingie. Kisha aliongeza waya mweusi mmoja mnene kutoka hapo mpaka kwenye chesisi, ili umeme usitegemee bodi peke yake.

Aliwasha taa zikiwa na balbu za zamani za wati 60. Dereva alishangaa. Zilikuwa na nguvu kuliko zile za wati 100 za wiki iliyopita.

Mwenye kipimo cha volti anaweza kuhakikisha bila kugusa waya wa moto. Washa taa. Weka ncha moja ya kipimo kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya unaoingia katika taa. Kipimo kikionyesha chini ya nusu volti, njia ni nzuri. Kikionyesha volti 1 au 2, umeme unapotea njiani. Kisha pima kutoka waya mweusi wa taa mpaka hasi ya betri. Huko nako pasizidi sana sifuri.

Dereva anayetaka mwanga zaidi kuliko huo asiongeze balbu tu. Afungiwe rilei. Rilei ni swichi ndogo inayowashwa na umeme kidogo, nayo huruhusu umeme mwingi kupita kwa njia ya mkato kutoka betri mpaka kwenye taa. Swichi ya usukani hubaki na kazi nyepesi. Zinatakiwa rilei mbili, moja ya mwanga wa mbali na moja ya mwanga wa karibu. Na hapo ndipo unapata nafasi ya kuweka fyuzi ambazo gari halikuwa nazo. Kila taa iwe na fyuzi yake ya ampea 10, ili moja ikikatika usibaki gizani.

Unene wa waya uhesabiwe, usikadiriwe kwa ganda, maana waya mwingine una ganda nene na shaba kidogo. Menya ncha uhesabu nyuzi. Waya wa gari wenye nyuzi 14, kila uzi milimita 0.30, hubeba kama ampea 8. Wenye nyuzi 28 hubeba kama 17. Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu usitumiwe garini. Mtikisiko wa barabara huuvunja ndani kwa ndani.

Kutafuta shoti kwa balbu

Fyuzi ikikatika mara tu unapoiweka, hiyo ni shoti. Usimalize pakiti nzima ya fyuzi kwa kujaribu. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, unganisha nyaya mbili, iweke mahali pa fyuzi. Kwanza zima au chomoa kila kitu kinachotumia fyuzi hiyo. Kama balbu yako bado inawaka kwa nguvu, umeme unapita kwenda kwenye bodi. Balbu haitaruhusu zaidi ya ampea 2, kwa hiyo waya hautaungua unapotafuta. Sasa tikisa nyaya, kipande kwa kipande, na kuchomoa viungio, kimoja kimoja. Ukigusa mahali na balbu ikazimika, umefika.

Anza mahali nyaya zinapopita katika tundu la bati kati ya injini na dashibodi. Mpira wa tundu hilo huanguka, na ukingo wa bati huukata waya kidogo kidogo kwa miaka. Kisha tazama nyaya za nyuma zinazofuata chesisi, hasa karibu na bomba la moshi. Na kama gari hulala karibu na ghala la nafaka, tafuta meno ya panya. Panya hupenda kujenga chini ya dashibodi.

Yako pia maajabu ambayo si shoti. Ukipiga staata na waya wa choki ukatoa moshi, usibadilishe choki. Kati ya injini na chesisi pana mkanda mnene wa nyuzi za shaba ambao ni ethi ya injini. Ukikatika, au fundi aliyeshusha injini akisahau kuufunga, umeme wote wa staata hutafuta njia nyingine ya kurudi, hata kwa waya mwembamba wa choki au wa mafuta. Funga mkanda, na choki itapona.

Rangi za nyaya husaidia kutafuta, kama hazijabadilishwa. Kahawia ina umeme siku zote. Nyeupe ina umeme ukigeuza ufunguo. Kijani imepita kwenye ufunguo na kwenye fyuzi. Buluu ni ya taa kubwa, nyekundu ni ya taa ndogo, nyeusi ni ya ethi. Peugeot, Datsun na Toyota za zamani zina rangi zao nyingine, lakini njia ya kutafuta ni ileile. Fundi akikuwekea waya mpya, mwombe aweke wa rangi ileile. Gari lenye nyaya zote nyekundu ni adhabu kwa fundi atakayefuata.

Maswali

1. Gari lina taa mbili za wati 48 kila moja, na betri ya volti 12. Ampea ngapi zinapita taa zikiwaka?

2. Unagusa waya wa taa. Karibu na swichi ni wa moto, kwingine kote ni baridi. Utatafuta nini?

3. Kwa nini tunafungua kwanza upande wa hasi wa betri?

4. Dereva ameweka karatasi ya bati mahali pa fyuzi ya honi. Mwambie, kwa maneno yako, kinachoweza kutokea.

5. Nendeni pamoja mkalitazame gari moja hapa kijijini. Injini ikiwa imezimwa, tafuteni betri ilipo, fyuzi zilipo, na waya mmoja wa ethi. Je, spana ya betri inapatikana bila kushusha mizigo?